Kompyuta ya Mjomba, na Vyombo Vinavyopatana

Siku hizi kompyuta si kitu cha ajabu tena. Twaiona shuleni, twaiona zahanati, twaiona katika vibanda vya kuchapisha barua pale stendi. Lakini naona watu wengi hununua kompyuta kama mtu anunuaye ng'ombe kwa kutazama rangi ya ngozi tu, asimfunue kinywa kuangalia meno. Hufika nyumbani na chombo kinachong'aa, na baada ya miezi miwili chombo kimekuwa meza ya kuwekea mtungi wa maua. Kwa hiyo nataka kuwaeleza jinsi sisi wa ukoo mmoja, wengine tukikaa Kibaha na wengine Kisarawe, tulivyomtengenezea mjomba wetu kompyuta kwa vyombo tulivyovichagua kimoja kimoja. Silielezi jambo hili kwa kujisifu, maana mafundi wanaonishinda ni wengi. Nalieleza kwa sababu kazi hii ina kanuni zake, na mtu akizijua hatapoteza fedha ya watu.

Mjomba wetu amepita miaka sabini na mitano. Hukaa katika kijiji kimoja upande wa Maneromango, penye mikorosho na minazi, nyumba ya matofali na bati. Kazi yake ilikuwa kufundisha shule ya msingi, na tangu alipostaafu amefanya kazi moja tu kwa bidii: kuandika maneno ya Kizaramo. Ameandika majina ya miti ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na dawa zake. Majina ya mitego, ya samaki wa mtoni, ya sehemu za nyumba ya zamani. Na methali alizozisikia kwa bibi zake. Yote yamo katika madaftari thelathini na moja. Vijana wetu wa leo wakisema Kizaramo husema maneno ya salamu tu, kisha hurudi katika Kiswahili. Basi madaftari yale ni ghala ya mambo ambayo hayako mahali pengine popote ninapopajua.

Mwaka uliopita twaliona mambo mawili yaliyotutia hofu. La kwanza, mchwa waliingia katika sanduku na kula pembe za madaftari matatu. La pili, macho ya mjomba. Jicho moja limepasuliwa mtoto wa jicho, nalo linaona vema kiasi; la pili bado lina ukungu. Mwandiko wake mwenyewe sasa humshinda kuusoma, isipokuwa akiushika karibu na dirisha wakati wa mchana. Alisema neno ambalo hatukuweza kulijibu: "Mimi nina maneno, na macho yana haraka." Ndipo mwisho wa mwaka 2025, watoto wa ukoo walipokusanyika, twalifanya shauri.

Binti wa shangazi yangu alisema, "Mwalimu, kwa nini tusimnunulie simu kubwa? Ni rahisi, na kila mtu anaijua." Mjomba mwenyewe alimjibu kwa upole, "Mwanangu, simu ni ya kusemea. Mimi nataka meza ya kuandikia, na herufi ninayoweza kuiona nikiwa nimekaa kama mtu." Ndugu mwingine alikuwa ameona Kariakoo kompyuta iliyotumika, ya ofisini, bei yake ndogo mno. Shauri hili halikuwa la kudharauliwa, kwa maana kompyuta nyingi zilizotumika ni nzima na zafaa kazi. Lakini nalipouliza habari zake, ilikuwa na prosesa ya kizazi cha nne ya kampuni ya Intel, nayo iliendeshwa na programu ya Windows 10. Programu hiyo muda wake wa kutunzwa bure na watengenezaji ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11 iliyofuata haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Basi kumpa mzee chombo kile kungekuwa kama kumpangisha nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuondoa mlinzi. Mtu aliye hodari angeweza kutia programu ya Linux na kuendelea kwa miaka, lakini kila neno jipya lingemlazimu mzee kungoja mimi nitoke Kibaha.

Twalikusanya shilingi milioni moja na laki tatu, watu kumi na mmoja, kila mtu kwa uwezo wake. Mmoja alileta elfu ishirini, naye alizileta kwa mkono wake mwenyewe. Binamu yetu wa Kibaha Maili Moja alitoa kioo, yaani monita, cha inchi ishirini na mbili, ambacho yeye hakukitumia tena. Nami nalipewa kazi ya kuchagua vyombo vilivyobaki. Fedha ya watu kumi na mmoja ni mzigo mzito mkononi. Ukiiangusha huwezi kuiokota.

Neno moja ndilo lililoniongoza katika kazi hii yote, nalo ni kupatana. Kila mwenye baiskeli analijua. Tairi la inchi ishirini na sita ni zuri, na rimu ya inchi ishirini na nane ni nzuri, lakini viwili hivi havitafunga ndoa hata siku moja, ujapolipa fedha nyingi. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ubora wa chombo peke yake hautoshi. Lazima kipatane na wenzake. Tena naliona kwamba kupatana ni kwa namna tatu: vyombo vipatane vyenyewe kwa vyenyewe, vipatane na nyumba, na vipatane na mzee atakayevitumia. Wauzaji hukueleza namna ya kwanza, mafundi wazuri hukumbuka ya pili, lakini ya tatu huachwa mlangoni.

Sasa nieleze ile ya kwanza. Kiungo kinachofanya hesabu zote za kompyuta ni prosesa, kijibati kinachokaa kiganjani. Hukaa juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, katika kitako chake kiitwacho soketi. Hivi viwili ni kinu na mchi. Mchi mnene hauingii katika kinu chembamba. Prosesa tuliyoichagua ni Intel Core i3-12100, ya kizazi cha kumi na mbili, iliyotoka mwaka 2022. Nayo hutaka soketi yenye viguso 1,700, ambayo jina lake ni LGA1700. Haiingii katika soketi ya viguso 1,200 iliyotangulia. Na prosesa za kampuni ya AMD zina soketi zake, kama AM4 na AM5. Ubao wa Intel hauzikubali kabisa.

Lakini angalieni, maana hapa pana mtego. Umbo kuwa moja si dalili ya kupatana. Prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba, na zile za kizazi cha nane na cha tisa, zote hukaa katika soketi yenye viguso 1,151. Ukizitazama kwa macho utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Walakini ubao uliotengenezwa kwa ajili ya zile za kwanza hauzitambui zile za pili. Utaziweka, zitakaa vema, na kioo kitabaki cheusi. Kwa hiyo mtu asiridhike na kuona kwamba kimeingia. Na asome orodha ya prosesa ambazo ubao ule unazikubali. Kila mtengenezaji huitoa katika ukurasa wake wa intaneti. Nami naliisoma orodha hiyo kwanza, nikaandika majina katika karatasi, ndipo nikapanda basi kwenda Kariakoo.

Jambo la pili ni ramu, ambayo ni kumbukumbu ya muda. Ni kama meza ambayo juu yake kazi ya wakati huo hutandazwa. Ramu nayo ina vizazi. DDR3 ina viguso 240. DDR4 na DDR5 zote zina viguso 288, lakini pengo lililochongwa katikati haliko mahali pamoja, ili mtu asiingize moja mahali pa nyingine. Prosesa yetu inakubali DDR4 na DDR5 zote mbili, lakini ubao kwa kawaida hukubali moja tu. Na mbao zenye jina moja H610 hutengenezwa nyingine kwa DDR4 na nyingine kwa DDR5. Mimi nalichukua wa DDR4. Katika duka moja muuzaji alinifungia ramu ya DDR5, akasema, "Mwalimu, hii ndiyo mpya zaidi, ya nini kutafuta ya zamani?" Nalimwambia, "Ndugu yangu, tafadhali tuijaribu hapa hapa juu ya meza yako." Akaiweka, pengo likakataa. Akacheka, nami nikacheka, akaleta ile niliyoiandika. Hatukugombana, kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi. Twalichukua kijiti kimoja cha gigabaiti nane, na nafasi ya pili ikabaki wazi kwa siku zijazo.

La tatu ni picha ya kioo. Prosesa nyingine zina uwezo wa kuchora picha ndani yake, na nyingine hazina. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwisho wa jina, kama i3-12100F, haina uwezo huo. Mara nyingi bei yake ni ndogo kidogo, na wasiojua huishangilia. Lakini mwenye kuichukua itambidi anunue kadi ya picha mbali, nayo ni fedha nyingi. Herufi moja tu! Sisi walimu huwaambia watoto kwamba herufi moja hugeuza maana ya neno, kama kula na kura. Hapa hugeuza hesabu ya mfuko.

Na kile kioo cha binamu kilikuwa na tundu moja tu la kizamani, lile la VGA la umbo la pembe nne lenye skurubu mbili. Mbao nyingine mpya hazina tundu hilo. Basi nalitafuta ubao wenye matundu yote mawili, tukaokoa kioo kizima. Zawadi ya ndugu si vizuri kuitupa kwa sababu ya tundu.

La nne ni ghala ya kudumu, yaani diski. Nalichagua ile ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya gigabaiti mia tano. Umbo lake ni kijiti kinacholala juu ya ubao, mahali paitwapo M.2. Hapa tena pana mtego wa umbo moja: vijiti vingine husema kwa lugha ya SATA na vingine kwa lugha ya NVMe, na nafasi ya ubao yaweza kusikia moja tu. Ubao wetu ulisikia NVMe, nami nikanunua NVMe.

La tano ni chombo cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Wengi hukidharau kwa sababu kimefichwa. Nacho ndicho kiuacho vingine kikiwa kibaya. Prosesa yetu katika kazi ya kawaida hutaka wati 60, na ikikazwa sana wati 89. Mashine nzima bila kioo haifiki wati 150. Basi pawa saplai ya wati 400 iliyo ya kweli yatosha na kubaki. Niseme ya kweli, maana nyingine huandikwa wati 600 kwenye karatasi, na ukiishika ni nyepesi kama ganda la korosho. Nalihakikisha ina plagi kubwa ya pini 24 ya ubao, na ile ya pini nane ya prosesa. Na angalieni tena: pawa saplai za kale zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Umeme wa kwetu Tanzania ni volti 230. Vyombo vilivyotumika hutufikia kutoka Japani na Marekani, ambako volti ni 100 na 120. Swichi ikiwa imeachwa kwenye 115, ukiwasha utasikia mlio mmoja, na hakuna wa pili. Yetu ilikuwa ya namna inayojipima yenyewe kutoka volti 100 hata 240.

Mwisho wa namna ya kwanza ni sanduku. Ubao wetu ni wa kipimo kiitwacho micro-ATX, na sanduku lililoandikwa kipimo hicho lina matundu ya skurubu mahali pake.

Sasa namna ya pili, kupatana na nyumba. Vitabu vya kompyuta huandikwa na watu wakaao katika nyumba zenye baridi na umeme usiokatika. Nyumba ya mjomba ni ya Kisarawe. Bati likipata jua la mchana, chumba huwa kama tanuru. Vumbi jekundu huingia kila barabara inapopitiwa na lori. Na mijusi hupenda mahali penye joto kuliko tunavyopenda sisi. Kwa hiyo sanduku tulilochagua lina wavu wa kuzuia vumbi mbele, nao hutoka na kuoshwa. Matundu ya nyuma yasiyotumika twaliyaziba kwa vibati vyake, ili mjusi asiingie kutafuta nyumba. Sanduku halikai sakafuni, hukaa juu ya kistuli, mbali na ukuta kadiri ya shubiri moja, lipate kupumua.

Umeme ulifika kijijini kwa kazi ya kupeleka nishati vijijini, nao ni baraka kubwa. Lakini jioni, watu wote wawashapo taa na televisheni, nyumba zilizo mwisho wa laini huona taa zikififia. Tena mvua za radi za Machi na Aprili zaleta mshtuko katika nyaya. Kwa hiyo katika fedha yetu twalitenga fungu la UPS, betri inayokaa kati ya ukuta na kompyuta, ya namna inayopandisha volti zikishuka na kuzishusha zikipanda. Umeme ukikatika, mzee anapata dakika za kutosha kuhifadhi maandishi na kuzima kwa utaratibu. Wengine katika ukoo waliuliza kama fungu hilo si anasa. Nalijibu kwamba mtu ambaye ameandika tangu asubuhi, kisha akapoteza yote kwa sababu taa imezimika, hatarudi tena mezani. Na mzee wetu hana asubuhi za kutupa.

Jambo jingine ni ethi, waya unaokwenda ardhini. Nalipogusa bati la friji la jirani nalisikia mwasho kidoleni, nikatambua kwamba nyumba nyingi pale zimefungwa nyaya mbili tu. Kompyuta huwaka hata bila ethi, na ndiyo sababu watu huisahau. Lakini bati lake hushika umeme kidogo, na kizuia-radi hakina mahali pa kumwaga kile kilichokizuia. Fundi wa umeme mwenye leseni alikuja, akachimbia fimbo ya shaba katika udongo wenye unyevu nyuma ya bafu, akavuta waya mpaka kwenye soketi ya ukutani. Kazi ya nusu siku, na nyumba nzima imefaidi.

Nalipiga na hesabu ya LUKU, kwa kuwa mjomba aliogopa kwamba mashine itakula uniti zote za nyumba. Katika kazi ya kuandika, mashine na kioo pamoja hutumia kama wati 60. Akikaa saa nne kwa siku ni wati-saa 240, yaani robo ya uniti na kasoro kidogo. Kwa mwezi ni uniti saba na kidogo. Mzee alipoisikia hesabu hii alinyamaza, akachukua kalamu akaifanya upya mwenyewe, akaipata sawa, ndipo akakubali. Mwalimu hafi ndani ya mtu.

Namna ya tatu ni kupatana na mzee, nayo ndiyo ngumu, kwa maana haikuandikwa katika orodha ya mtengenezaji. Ndugu zangu, taifa letu lenyewe lilijifunza jambo hili kwa gharama. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilipotiwa katika mashine, kazi haikwenda kama ilivyotumainiwa, kwa sababu watu wenye ujuzi wa kuiongoza walikuwa wachache. Na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Zuio hilo lilikwisha kuondolewa zamani. Lakini fundisho limebaki: mashine iliyo nzima na watu walio wazima waweza kushindana, kama hawakuandaliwa kukutana.

Basi nalimtazama mzee kwanza. Macho yake: twaliweka maandishi yote ya kioo yakuzwe kwa asilimia 150, na katika ukurasa wa kuandikia herufi za pointi ishirini, nyeusi juu ya rangi ya maziwa, kwa kuwa nyeupe kali humchoma lile jicho lililopasuliwa. Vidole vyake: nalitafuta kibodi yenye vitufe vinavyoshuka na kurudi kwa nguvu, na herufi zake ni kubwa. Kipanya kilimsumbua, kwa kuwa mkono hutetemeka kidogo. Tukapunguza mwendo wake, tukafanya mshale uwe mkubwa. Masikio yake: hapendi mngurumo, na feni iliyokuja pamoja na prosesa hii si ya kelele. Lugha yake: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maneno ya Kiswahili, na tangu hapo kazi ya kutafsiri programu imeendelea. Kwa hiyo twaliweka Kiswahili kila mahali ilipowezekana. Mzee anaposoma "Hifadhi" hamwiti mtu. Alipokuwa akisoma neno la kigeni alikuwa akiita nyumba nzima.

Juu ya kioo twaliacha alama tatu tu: ya kuandika, ya kufungua maandishi ya zamani, na ya kuzima. Vijana walitaka kumtilia na michezo na picha. Mjomba akasema, "Shamba jipya hulimwa pembe moja kwanza."

Vyombo vilipotimia, twalivikusanya nyumbani kwangu Kibaha kwanza, juu ya meza ya mbao, kabla ya kuvitia katika sanduku. Hii ni kanuni nzuri: ikiwa kimoja ni kibovu, utakijua kungali mapema, nawe ungali na risiti. Kabla ya kushika ubao naligusa chuma cha sanduku, ili umeme wa mwilini utoke huko. Prosesa ina pembe yenye alama ya pembetatu, na soketi ina alama ile ile. Pembe huwekwa juu ya pembe, wala hupaswi kusukuma. Pini za soketi ni nyembamba mno, na iliyopinda hainyoki tena kwa urahisi. Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeweka ramu. Ililia kwa sauti ya kufunga, ta, pande zote mbili. Kioo kikawaka.

Siku mbili tuliiacha iwake Kibaha ili kuipima, ndipo tukaichukua: Mbezi, Gongo la Mboto, tukapanda vilima vya Pugu mpaka Kisarawe mjini, na kutoka huko kwa bajaji. Kioo nalikipakata mapajani kama mtoto mgonjwa.

Mjomba hakujifunza kwa siku moja. Juma la kwanza aliandika mistari mitatu. Juma la pili alijua kufuta. Sasa huandika ukurasa mmoja kila asubuhi kabla jua halijapasha bati, na mjukuu wake wa darasa la sita humsomea madaftari kwa sauti kwa sababu mwandiko wa kalamu bado humshinda. Hapa limetokea jambo ambalo hatukulinunua dukani. Yule mtoto, ambaye hakujua Kizaramo, humsomea babu yake maneno asiyoyafahamu, na babu husimama kumweleza kila moja. Daftari la kwanza mpaka la tisa yamekwisha. Twaanza na yale yaliyoliwa na mchwa, maana mzee bado anakumbuka maneno yaliyokuwa katika pembe zile, na kesho si ahadi ya mtu.

Kila mwisho wa mwezi maandishi hunakiliwa katika flashi mbili. Moja hukaa kwake katika kopo lenye mfuniko, na ya pili huja kwangu Kibaha. Mchwa wa Kisarawe na mwizi wa Kibaha hawatapatana siku moja. Nao ndio peke yao katika habari hii ambao twaomba wasipatane.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mzazi au mjomba anayetaka chombo cha namna hii, shauri langu ni hili. Usianze na duka. Anza na mtu, umwulize atafanya nini nacho. Kisha itazame nyumba yake, ukuta na paa na waya. Mwisho ndipo uandike vyombo katika karatasi, prosesa na ubao wake, ramu na kizazi chake, diski na lugha yake, umeme na kipimo chake, kioo na tundu lake. Uwaonyeshe watu wawili wanaojua kuliko wewe, maana kuuliza si ujinga. Nunua mahali wanapotoa risiti, ujaribu mbele ya muuzaji, na fedha ikikupungukia, punguza mapambo wala usipunguze pawa saplai na UPS. Na kazi ikiisha, usimwachie mzee mashine ukaenda zako. Kaa naye juma moja. Chombo cha mwisho kinachopaswa kupatana na vingine vyote ni subira ya yule anayefundisha, nacho hakiuzwi Kariakoo.